Kichochoro Kilichochemka Masika

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipokuja kutundika kile kidude kwenye nguzo ya taa, alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Mjomba," akasema, "nimevitundika kumi, tisa mjini na kimoja shambani nje ya mji, na hiki nimekileta kwako kwa sababu wewe hapa unashinda kutwa. Mwaka mmoja tu. Usikifungue, usikiguse. Wewe kiangalie kisiibiwe, basi."

Mimi ni mpiga pasi. Kufua nilishaacha tangu mgongo wangu uliponipa notisi. Nina meza ya mbao yenye blanketi juu, pasi mbili za mkaa zinazopokezana zamu, na jiko la kuwashia mkaa. Kazi yangu iko kwenye kichochoro katikati ya majengo mawili marefu ya ofisi, na wateja wangu ni wale wanaofika mjini na mashati yaliyokunjamana utadhani wamelala ndani ya chupa. Miaka kumi na tisa niko pale. Nimeshafukuzwa mara nne na nimerudi mara tano. Hesabu hiyo naomba usiniulize.

Kidude chenyewe kilikuwa cheupe, cha plastiki, kina mbavu mbavu kama visahani vilivyopangwa, na ndani yake kuna kipimajoto kinachojiandikia chenyewe kila robo saa. Mpwa wangu alinieleza kazi yake mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nikajifanya nimeelewa, mara ya tatu akaishika pasi yangu.

"Ukimwaga mkaa, Mjomba, hii inapoa papo hapo?"

"Haipoi. Unaweza kumalizia kola mbili na mkono mmoja."

"Basi mji ndivyo ulivyo. Jua ndilo mkaa, zege na lami ndiyo chuma. Jua likizama, mji unabaki na moto wake. Kule nje kwenye mashamba, ardhi ni kama kitambaa, inapata moto haraka na inapoa haraka. Kwa hiyo mji unakuwa kisiwa cha joto."

"Kisiwa," nikasema, "na maji ya bomba tunayaona mara mbili kwa wiki."

Alichokuwa anakitafuta ni jinsi kisiwa hicho kinavyobadilika na majira. Je, mji unalizidi shamba joto kwa kiasi kilekile kiangazi, masika na kipupwe, au kuna msimu unaozidi zaidi? Jibu la swali hilo lingempa shahada ya pili, na shahada hiyo ingempa kazi ya kufundisha palepale chuoni, ambayo walishamwahidi. Katika ukoo wetu shahada ya kwanza ilikuwa yake. Kabla yake, karatasi ya heshima kuliko zote tuliyokuwa nayo ni cheti changu cha chanjo.

Siku ya tatu nikamkuta mwokota vyuma chakavu amesimama chini ya nguzo, ameinua uso, anakitazama kidude kwa jicho la mtu anayekisia kilo. Nikamsalimia. Akanisalimia. Akaondoka, lakini aligeuka nyuma mara mbili.

Sikungoja ageuke mara ya tatu. Meza yangu ilikuwa upande wa pili wa kichochoro, chini ya baraza. Saa ileile nikaihamisha, nikaiweka chini ya nguzo barabara, na jiko langu pembeni yake, kidude kikiwa juu kidogo tu ya utosi wangu. Tangu siku hiyo, mwenye kutaka kukiiba angelazimika kupanda juu ya meza, na juu ya meza kuna pasi ya moto. Nilijiona nina akili kama sungura.

Masika yalipoingia nikaona haya. Mimi nimejifunika, mali ya mpwa wangu inanyeshewa. Nikanunua turubai kubwa, nikalifunga juu ya kidude, likashuka pande tatu kama hema. Humo ndani tukawa watatu: mimi, jiko, na kidude. Na masika ndiyo msimu wangu wa mavuno. Nguo hazikauki, watu wananiletea suruali mbichi zinazodondoka maji wanataka nizikaushe kwa pasi. Jiko linajaa pomoni kuanzia asubuhi, pasi zote mbili hazipumui, na mimi najikamua jasho kila baada ya shati la tatu. Nje watu wanapita wamejikunyata kwenye makoti. Fundi viatu, ambaye ni jirani yangu kwenye kichochoro, alikuwa akija kuota moto kwangu na kulalamika kwamba viatu vya masika vinanuka.

Mpwa wangu alikuja mara moja kwa mwezi kuchukua tarakimu zake. Siku zote Jumapili asubuhi, kwa sababu siku nyingine ana masomo. Na Jumapili mimi sifanyi kazi. Meza naikunja, turubai nalivingirisha, vyote navihifadhi kwa mlinzi wa jengo la jirani. Kwa hiyo alikuwa anakuta nguzo safi, kidude safi, na mjomba amesimama pembeni amebana mikono kama askari wa gwaride.

"Umekitunza, Mjomba."

"Kama yai."

Anachomeka waya wake, kompyuta inafyonza, anaondoka. Hivyo hivyo mwaka mzima ukaisha.

Jumapili moja jioni akatuita nyumbani kwa mama yake. Mama yake ndiye dada yangu mkubwa. Dada huyu alinilea kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa umeshika mwiko, na hajawahi kusahau kitu. Redio niliyoitengeneza mwaka ule ikanyamaza moja kwa moja, anaikumbuka. Baiskeli ya marehemu shemeji niliyoiazima nikairudisha kwa vipande, anaikumbuka kipande kwa kipande. Kwake mimi ni yule mtu ambaye akishika kitu, kitu hicho kinaomba radhi kwa wenzake.

Mpwa wangu alitandaza karatasi kubwa mezani. Ilikuwa na mistari kumi ya rangi, inapanda na kushuka.

"Alhamisi natetea tasnifu yangu mbele ya jopo," akasema. "Lakini kwanza nilitaka nyie muione hii. Mistari hii tisa ni vituo vingine. Mnaona masika? Yote inashuka. Mawingu, mvua, majani, kila kitu kinapoa. Sasa tazameni huu mwekundu. Huu ni wa kichochoroni kwako, Mjomba."

Mstari mwekundu ulikuwa unapanda kama paka aliyemwagiwa maji.

"Mji mzima masika una nyuzi ishirini na tano, ishirini na sita," akaendelea. "Kwako arobaini na moja. Msimamizi wangu anasema miaka thelathini hajaona jambo kama hili. Ameshawatangazia walimu wote, Alhamisi ukumbi utajaa. Tumelipa jina: kilele cha masika. Sura yote ya nne nimeandika habari hiyo."

Dada yangu akanitazama kwa jicho jipya kabisa. "Angalau umesimama mahali penye maana," akasema, na akanimiminia chai kabla sijaomba. Miaka hamsini sijawahi kumiminiwa chai na dada yangu kabla sijaomba.

Nikainama kuiangalia karatasi. Mimi si msomi, lakini nina macho. Mstari mwekundu ulikuwa unaanza kupanda saa moja kasoro robo asubuhi. Saa saba unashuka. Saa nane unapanda tena. Saa kumi na mbili jioni unakufa. Jumapili umelala chali. Saa moja kasoro robo ndiyo saa ninayowasha jiko. Saa saba nakwenda kula. Nikahisi masikio yangu yanapata moto kuliko kidude.

"Na hapa je?" nikauliza. Katikati ya masika palikuwa na siku kumi na moja mstari umetulia kama mingine.

"Hapo hatujui. Msimamizi anakisia ni upepo fulani wa ajabu uliopita mjini."

Ule upepo wa ajabu lilikuwa gego langu la mwisho. Siku kumi na moja nililala na shavu kama ndimu, pasi zikapumzika.

Nikafungua mdomo.

"Unasemaje?" dada akauliza.

"Nasema chai nzuri."

Kesho yake nikamsimulia fundi viatu. Alisikiliza huku amebana misumari kwa midomo, na alipomaliza kuipigilia ndipo akacheka, tena kwa muda mrefu.

"Nyamaza, jirani," akasema. "Wakubwa wakishakubali jambo, kuleta ukweli ni utovu wa adabu. Binti apewe karatasi yake, wewe uendelee na pasi zako."

"Na siku watakapokuja hapa kuuona huo muujiza wao? Wakija Jumatano?"

"Jumatano utajificha."

"Na moshi nao nitauficha?"

Akawaza. "Basi mwambie. Ila mwambie mama yake akiwa mbali."

Nilikesha nikigeukageuka. Nikinyamaza, angepata shahada yake Alhamisi, kisha siku moja mtu mmoja mwenye dakika tano za ziada angepita kichochoroni na kuibomoa yote kwa kucheka tu. Nikisema, ningemwangusha mimi mwenyewe, siku mbili kabla ya mtihani. Lakini kuna tofauti kati ya kuangushwa na mjomba wako kichochoroni na kuangushwa na dunia nzima ukumbini. Alfajiri nikampigia simu.

"Njoo kazini kwangu leo saa nne. Usiulize."

"Mjomba, nina mambo chungu nzima."

"Lete na hayo."

Alifika saa nne na dakika chache. Akaingia kichochoroni anatabasamu, na tabasamu likakwamia njiani. Akaitazama meza. Akalitazama jiko. Akainua macho taratibu mpaka kwenye kidude, ambacho wakati huo kilikuwa kinapepewa na mvuke wa suruali ya mhasibu mmoja. Mimi niliendelea kupiga pasi, kwa sababu ukisimama katikati ya suruali inaungua, na mhasibu hana hatia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya tatu."

"Ya tatu ya mwezi huu?"

"Ya tatu tangu ukitundike."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Kisiibiwe."

Akakaa juu ya furushi la nguo za wateja. Nilidhani atalia. Badala yake akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu ambaye nyumba imeungua halafu anaona ameokoa kijiko.

"Nimeandika kurasa arobaini juu ya jiko lako," akasema.

"Umelisema vizuri?"

"Nimelisifu, Mjomba. Nimesema ni jambo lisiloelezeka."

"Mkaa ni wa kawaida tu."

Kisha akajipangusa uso kwa shati la mteja, nami nikajifanya sikuona. Akampigia msimamizi wake. Alimweleza yote bila kuficha. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ndogo ikiuliza, "Mjomba wa damu?"

Wakazungumza. Alipokata simu, uso wake ulikuwa umekaza.

"Kuna njia mbili," akaniambia. "Niahirishe, nianze upya mwaka mwingine. Nikiahirisha, ile kazi anapewa mwingine, inahitaji kujazwa mwezi ujao. Au niende Alhamisi na kilichobaki kikiwa safi. Sasa nijibu kama uko mahakamani. Unawasha jiko saa ngapi?"

"Saa moja kasoro robo."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili, na siku zile za jino."

"Jioni mkaa unauacha unafuka?"

"Nauzima kwa maji. Alfajiri jiko ni baridi kama pua ya mbwa."

Akafungua kompyuta palepale juu ya meza, mhasibu akasubiri. Akayafuta masaa yangu yote ya kazi ya mwaka mzima. Jasho langu lote, bonyeza, limekwenda. Akabakiza saa kumi na moja alfajiri ya kila siku, kabla sijawasha, na Jumapili zote. Kisha akaulinganisha mstari huo na kile kituo chake cha nje ya mji, shambani.

Mstari mwekundu sasa ulikuwa mpole. Na ulisema kinyume kabisa cha ule wa kwanza. Alfajiri za kiangazi kichochoro kililizidi shamba nyuzi tano. Alfajiri za masika, nyuzi moja na nusu.

"Kiangazi anga ni tupu," akasema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Shamba linatupa joto lake lote juu, linapoa. Mji unabaki na lake. Masika mawingu yamewafunika wote kwa blanketi moja, hakuna anayemzidi mwenzake sana." Akasogeza kidole. "Na tazama Jumapili za kiangazi, mchana. Kichochoro chako kina ubaridi kuliko shamba. Shamba limekauka, ardhi imekaa wazi juani. Wewe umekaa baina ya ghorofa mbili, jua linakuona saa moja tu."

"Kwa hiyo nakaa kisiwani au sikai?"

"Inategemea umeuliza saa ngapi na mwezi gani. Mjomba, hiyo ndiyo kazi yangu yote." Halafu akaisogelea kompyuta. "Hizi je?"

Masika, Jumapili tatu mfululizo. Kila moja ilikuwa na kibiongo kidogo, saa tisa alasiri.

"Ulisema Jumapili hufanyi kazi."

"Sifanyi."

"Hiki ni nini?"

"Paka."

"Paka wa nyuzi thelathini na tisa?"

"Alikuwa mgonjwa."

Akanitazama kama mama yake anavyotazama redio. "Nikiulizwa hizi nitajibu nini?"

"Hawataziona," nikasema. "Vibiongo vyenyewe vidogo."

Alhamisi ukumbi ulijaa kweli. Walikuja kuona kilele cha masika. Dada yangu alikaa safu ya tatu, gauni la kijani nililolipiga pasi mwenyewe hadi likawa linasimama bila yeye. Tangu Jumanne binti alikuwa amemwambia kila kitu isipokuwa kibiongo, na dada hakuwa amenisemesha neno. Mbele walikaa wajumbe wa jopo, na katikati yao mtahini mkuu, mama mwembamba mwenye penseli anayoitumia kama kidole cha sita.

Mpwa wangu akasimama, akaeleza kosa kabla ya kueleza kingine chochote. Akasema mpiga pasi, akasema jiko, akasema turubai. Ukumbi ukacheka. Msimamizi wake akawa anaitazama dari kwa makini. Binti akangoja kicheko kiishe, kisha akaonyesha mistari mipya ukutani, na nikaona baadhi ya walimu wanaacha kunong'ona na kuanza kuandika.

Alipomaliza, penseli ikainuka.

"Binti, kazi yote sasa imesimama juu ya jambo moja," akasema mtahini mkuu. "Kwamba saa ulizobakiza hazikuguswa na moto. Nani anathibitisha?"

"Mpiga pasi mwenyewe."

"Tunamwaminije?"

"Yupo hapa. Muulizeni."

Nikasimama.

Aliniuliza saa ya kuwasha. Nikajibu. Saa ya kula, saa ya kuzima, nazima kwa kitu gani. Siku kumi na moja zile? Nikamfungulia mdomo kuonyesha pengo, akasema haikuwa lazima. Je, kuna siku niliwahi kuwasha alfajiri, mteja ana haraka? Nikamwambia wateja wangu wenye haraka huja saa mbili na nusu wakati wameshachelewa. Watu wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wangu. Nikaanza kujisikia raha. Ndipo penseli ikaelekea ukutani, ikatua juu ya kibiongo cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Jumapili hizi tatu, saa tisa. Umetuambia Jumapili hufanyi kazi."

"Sifanyi, mama."

"Kuna moto hapa."

Nikakitazama kibiongo. Nikamtazama mpwa wangu, amekishika kijiti chake cha kuonyeshea kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Nyuma yangu nikasikia kiti cha dada kikilia.

"Bwana," mtahini mkuu akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "kama ulikuwa unawasha pasi siku usizokumbuka, basi huenda uliwasha na alfajiri usizokumbuka. Hapo hatuna tasnifu. Hukumbuki?"

Kusema sikumbuki kulikuwa rahisi. Neno moja tu, nikae, yeye aanguke.

"Nakumbuka," nikasema. "Nilikuwa napiga nguo zangu mwenyewe."

"Kwa nini Jumapili?"

"Nilikuwa nakwenda kuposa."

Mtahini mkuu akafungua ukurasa mpya.

"Tafadhali endelea," akasema.

"Kuna mama anauza vifungo na nyuzi mwisho wa kichochoro. Mjane. Dada yangu hampendi kwa sababu huyo mama alishamwambia gauni lake limebana. Jumapili ya kwanza nilipiga shati peke yake, nikaenda. Akanikataa. Nikarudi nikawaza, nikaona tatizo ni suruali. Jumapili ya pili nikapiga shati na suruali."

Penseli ikasogea. "Ndiyo maana cha pili ni kipana zaidi."

"Suruali ina marinda, mama. Akanikataa tena, lakini safari hii alinipa kiti. Jumapili ya tatu nikapiga shati, suruali, koti na leso."

"Dakika hamsini," akasema mjumbe mwingine, akipima ukutani kwa macho.

"Koti lilikuwa la sufu."

Mtahini mkuu aliandika kitu. Aliandika kwa muda. Kisha akainua kichwa. "Jumapili zilizofuata hakuna kitu. Mstari umelala kabisa mpaka mwisho wa mwaka. Uliacha kwenda?"

"La. Nakwenda kila Jumapili."

"Bila kupiga pasi?"

"Aliniambia nisijisumbue, niende nilivyo. Alisema wiki nzima anaona watu walionyooshwa, angependa kuona mmoja aliyekunjamana."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja akakohoa, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mtahini mkuu akaweka penseli chini, jambo ambalo mpwa wangu alinieleza baadaye kwamba hakuna mwanafunzi aliyewahi kulishuhudia.

"Shahidi huyu," akasema, "ana kumbukumbu nzuri kuliko baadhi ya vifaa tulivyoagiza kutoka nje."

Wakatutoa nje nusu saa. Barazani dada yangu alisimama upande mmoja, mimi upande mwingine, binti katikati akihesabu vigae vya sakafu. Walipotuita ndani, wakasema amefaulu, kwa masharti. Sura ya nne aiandike upya yote. Neno "muujiza" alifute kila lilipo, ni mara sita. Na aongeze kurasa juu ya namna mlinzi wa kifaa anavyoweza kuwa ndiye chanzo cha joto, kwa faida ya watakaokuja baada yake. Ile kazi ya kufundisha ikabaki yake.

Mpwa wangu akanikumbatia mpaka nikasikia mbavu zinaniuliza kuna nini.

"Utaiondoa meza, Mjomba?"

"Leo hii. Nairudisha chini ya baraza."

"Na nani atakilinda?"

"Nitakikodolea macho kutoka ng'ambo."

Tukatoka chuoni sisi watatu kwa miguu. Binti akaaga akaenda kuwapigia wenzake simu. Dada akaendelea kutembea nami kwa hatua za haraka kama kawaida yake. Njia ya kwake inakata kushoto penye taa. Hakukata. Akaja nami hadi kichochoroni, akapita jiko langu bila kulitazama, akampita fundi viatu aliyejikausha kama kiatu chenyewe, akafika mwisho, penye meza ya vifungo.

Mama Vifungo akainua macho. Akamwona dada yangu, akaniona mimi nyuma yake, akaanza kupanga upya makasha ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

"Hivi vyeusi," dada yangu akasema, akichambua kasha kwa kidole. "Vina nguvu?"

"Vina nguvu, dada."

"Havikatiki uzi?"

"Ukishona vizuri havikatiki."

Dada akavigeuzageuza vile vifungo, kimoja baada ya kingine, kwa uzito wa mtu anayechagua ng'ombe. Akachagua sita. Akavifunga kwenye pembe ya leso yake, akamuuliza kama wazee wake wako hai, na wanaishi upande gani wa mji.

Gauni lake la kijani lilikuwa la zipu.